Fimbo ya Shaba na Ndoo ya Maua

Jumatatu, 3 Novemba
Leo nimefunga kinga ya umeme ya nyumba nzima, kwa mikono yangu miwili. Haya, uongo. Kafunga mkwe wangu, fundi umeme. Mimi nilishika tochi. Nikammulika machoni.

Kisa ni cherehani ya umeme ya Mama Watoto. Majuzi umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza redio yangu. Mama Watoto akasema redio si hoja, lakini cherehani ikiungua, sare za wanafunzi atazishona kwa meno? Ndipo mkwe akaleta kidude, akakitia kwenye boksi la swichi kuu. Umeme ukifurika, kinaudaka na kuutupa ardhini kwa waya na fimbo ya shaba. Hata ahsante hakungoja. Mungu amzidishie.

Imebaki fimbo kupigiliwa. Nikamwambia amwachie mzee.

Jumanne, 4 Novemba
Ardhi gani hii! Jiwe tupu. Nyundo inaruka, kidole kimevimba. Jirani yangu Mluzi akachungulia ukutani, akauliza kama nachimba kaburi langu. Nikamwambia ni lake, ashuke tupime urefu.

Kisha akili ikanijia. Mkwe alisema fimbo inapenda udongo wenye unyevu. Upi unaishinda ndoo ya maua barazani, inayonyweshwa asubuhi na jioni? Ikazama kama kidole kwenye uji. Iliyobaki juu nikaizungushia ua linalotambaa. Limependeza!

Jumatano, 5 Novemba
Mkwe kauliza kama fimbo imeingia. Nikasema imezama. Hakuthubutu kukagua kazi ya baba mkwe. Adabu ni kitu kizuri sana.

Alhamisi, 6 Novemba
Aibu! Mama Watoto alisogeza ndoo apige deki. Ndoo ikagoma. Akavuta. Akaufuata waya mpaka ukutani, kisha akanifuata mimi. Yaliyosemwa siyaandiki.

Mkwe akaitwa. Akaniamkia, akaitazama ndoo, akakohoa. Sijapata kuona kikohozi cha kutoa machozi na kuchezesha mabega namna ile. Akasema, baba umejitahidi, ila ndoo ina kitako, umeme haufiki ardhini. Akaenda upande wa bafu, kwenye udongo laini, akaipigilia fimbo yote, akapima. Na kwa binti yangu hakunisema. Mkwe kama huyu hauzwi dukani.

Ijumaa, 7 Novemba
Umeme umekatika, umerudi kwa kishindo! Taa ya kidude imezimika. Kimekufa kikitutetea, maskini. Mkwe kesha kuja kuweka kingine. Cherehani nzima, inanguruma. Mama Watoto kaibusu. Nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu haikufika. Lakini nimeshukuru mpaka nimekaa chini.

Kwa Mluzi, televisheni imeungua. Hata mluzi hapigi. Nimemhurumia kweli. Nimemwambia mkwe kwamba akimletea kidude, fimbo aniachie mimi, mzoefu. Ardhi yake ni jiwe kuliko yangu, ila barazani ana ndoo mbili nzuri. Na safari hii siri ninayo: tatizo lilikuwa kitako. Kesho nakitoboa!

Mama Watoto, najua unachungulia humu. Kile kifungo cha shati ulichoniahidi siku niliyokubebea sare mpaka shuleni, nakidai. Nishonee leo. Fundi haendi kazini kitovu nje.