Bomba Jipya Ndani ya Bomba Bovu

Jumatatu, 3 Juni

Uani kunanuka. Maji ya chooni yanashuka kwa kusuasua, na kati ya vigae pamefanya unyevu wa rangi nisiyotaka kuiandika. Shemeji, kaka wa mke wangu, amekuja bila kuitwa. Ni fundi bomba, na ujuaji wake hutangulia kuingia kabla yake. Akasema mizizi ya mti wa jirani imepasua bomba chini ya ua. Dawa ni kufukua. Kufukua! Vigae hivi nilivitandika mwenyewe, likizo nzima, na mgongo haujapona hadi leo. Nikamwambia sululu haitaingia hapa maadamu ninapumua.

Mke wangu akasema mama yake anakuja Jumamosi. Mama akikuta choo hakishuki, basi wataondoka wote wawili. Alisema hivyo akimenya viazi, wala hakuinua kichwa. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Kumbe wataalamu siku hizi hawafukui! Nimeelezwa na muuza vifaa vya ujenzi. Unashona soksi ndefu ya kitambaa kizito, unailowesha gundi iliyochanganywa na dawa ya kuikausha, unaiingiza ndani ya bomba bovu na kuijaza upepo ili ibane kuta. Ikikauka unatoa upepo. Umepata bomba jipya ndani ya bomba bovu, na vigae havina habari. Alisema zipo kampuni zenye mashine na kamera za kazi hiyo. Kamera ya nini? Bomba langu nalijua. Akaendelea na habari za maungio, nami nikaitikia kwa adabu huku nikitazama bei ya glavu.

Soksi: blanketi jipya, zito, tulilomwekea mama mkwe. Nimelitoa kabatini mke wangu akiwa sokoni. Fundi cherehani aliuliza ni suruali ya nani yenye mguu mmoja. Nikamwambia ashone, maswali amwachie hakimu. Fundi pancha naye ameniunganishia mipira ya baiskeli ikawa puto moja refu. Wote wawili walicheka nilipowapa kisogo.

Jumatano, 5 Juni

Gundi imeganda kwenye ndoo. Muuza vifaa alisema haimsubiri mtu. Nilidhani ni maneno ya biashara. Nilipomaliza kuikoroga nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Hakuja. Nikamwita tena. Nikaenda kumweleza umuhimu wa jambo lenyewe. Niliporudi kijiti cha kukorogea kilikuwa kimesimama wima, nikakivuta, na ndoo nzima ikanyanyuka nacho. Isitoshe, haikuwa ndoo. Lilikuwa beseni la mke wangu la kuogea.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. Ngojangoja huumiza matumbo, walisema wahenga hao hao. Wangekaa kikao kwanza wakakubaliana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeweza!

Asubuhi nilikwangua mizizi kwa waya hadi viganja vikachubuka. Jirani, ambaye humu namwita Bwana Kivuli kwa sababu ya mti wake, maji yake machafu hupita kwenye bomba letu. Nikamwambia asitumie maji hadi jioni, kuna ukaguzi. Akauliza ukaguzi wa nani. Nikasema wa ghafla. Safari hii nilipokoroga gundi sikumwita mtu. Soksi, puto likiwa ndani yake, ikaingia kwenye chemba, lile shimo la kukagulia bomba, kando ya ukuta wa jirani, nikaivuta kwa kamba hadi chemba ya getini, nikapiga pampu mpaka macho yakaona nyota.

Jioni nikatoa upepo, nikamulika tochi. Laini, linang'aa, halina ufa hata mmoja! Nikamwaga maji chemba ya juu, yakatokea ya chini kama yanakimbizwa. Nikampigia shemeji aje aone kazi. Akapiga magoti, akamulika kwa muda mrefu, akauliza choo changu kinaungana na bomba hili wapi. Nikamwambia wivu haujengi. Akasema haya, akaaga akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

Ijumaa, 7 Juni

Nimevuta maji chooni. Yameibukia bafuni.

Sasa nimeelewa maungio ni nini. Ni matundu ambamo mabomba ya choo, bafu na jiko huingia kwenye bomba kubwa. Soksi imeyaziba yote, kwa ustadi mkubwa. Kumbe ikishakauka mtu hutakiwa ayatoboe upya. Nina bomba zuri kuliko mtaa mzima, na nyumba yangu haimo.

Mchana Bwana Kivuli akaja kushukuru. Tangu ahamie hapa maji yake hayajawahi kupita vizuri hivi. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akisikiliza.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amefika. Akanusa, akauliza maliwato yako upande gani. Mke wangu akamwongoza kutoka nje ya geti hadi kwa Bwana Kivuli, ambaye alikuwa ameshaandaa taulo. Walirudi jioni, wameoga, wameshiba. Mama mkwe akamwita shemeji, akamwambia alete sululu. Wakati wa kutandika kitanda mke wangu aliulizia blanketi. Nikasema liko bombani. Hakuna aliyecheka, hata shemeji.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amefukua. Ameikata soksi yangu penye maungio, akaunganisha, na choo kinashuka. Vigae vimelundikwa ukutani, vingine vipande.

Mke wangu ameondoka na mama yake. Nikamkumbusha kwamba choo kimepona. Akasema haondoki kwa sababu ya choo. Anataka neno moja tu kutoka kinywani mwangu: nimekosea. Siku nitakayolisema nimpigie simu, naye atapanda gari la kwanza.

Nyumba iko kimya. Nimeumia, sioni haya kuliandika. Nimekaa jikoni nikalijaribu lile neno kwa sauti, peke yangu. Ni fupi. Lilitoka bila shida.

Nikaosha kikombe chake. Maji ya sinki yanashuka polepole, naona. Kopo la gundi limebaki nusu. Pazia la sebuleni ni zito kiasi. Na sinki lina ungio moja tu, nalijua lilipo.

Nikampigia. Alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi. Nikamwambia asirudi kabla ya kesho jioni, gundi ya sinki itakuwa haijakauka.