Malalamiko Kuhusu Mionzi ya Baba

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi ya Kupinga Mtambo wa Nyuklia,
Chumba cha Mbele, Nyumbani Kwetu.

Ndugu Mwenyekiti (ambaye pia ni Mama),

YAH: OMBI LA BABA KURUDISHWA CHUMBANI

Shikamoo. Najua tunaonana mezani kila siku, lakini juzi nilipojaribu kulieleza jambo hili ulisema hoja zote za mionzi zipitie kwenye kamati kwa maandishi. Kuongea mbele za watu siwezi, ila kuandika naweza, kwa hiyo utaratibu huo umenifaa.

Kwanza niseme wazi kwamba mtambo naupinga pamoja nawe. Pale ukumbini kwenye mkutano, ulipomuuliza mhandisi wa mtambo taka zitazikwa wapi, alikunywa glasi nzima ya maji kisha akajibu kuhusu ajira. Nilijivunia sana, ingawa nilikuwa nyuma ya nguzo. Malalamiko yangu ni ya humu ndani tu.

1. Kitabu changu kilikatizwa. Ni kweli niliwasomea mezani kwamba mwili wa kila binadamu una mionzi kidogo ya asili, na kwamba wanaolala kitanda kimoja hupeana. Sentensi iliyofuata ilisema kiasi hicho ni kidogo mno, hakimdhuru mtu. Sikuwahi kuifikia, kwa sababu ulikuwa umeshainuka kumtafutia Baba shuka la kochini.

2. Kochi lenyewe ni la watu wawili waliokaa, si la fundi wa kuchomelea vyuma aliyelala. Miguu ya Baba inavuka na kutua juu ya meza ninayosomea, upande wa Jiografia. Tena anakoroma. Hilo nadhani unalifahamu, na sitaki kuamini kwamba ndilo lililoharakisha uamuzi wa kamati.

3. Kamati haikupiga kura. Katibu wako, yule fundi cherehani, alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwenzangu, wa kwangu ningempeleka stoo kabisa!" Kicheko si kura.

4. Hili naliandika kwa woga. Siku niliyosoma kitabu ndiyo siku aliyotuambia Baba kwamba ameomba kazi ya kuchomelea huko huko mtamboni. Nimefikiri sana, nikaona pengine mionzi ilisingiziwa. Tangu hapo hamsemeshani. Baba anasema, "Mwambie Mwenyekiti wako chai haina sukari." Nawe unasema, "Mwambie mtu wa mtamboni sukari iko pale pale ilipokuwa jana." Nyote mko meza moja, mnasikiana vizuri, na mimi niko katikati nakariri kama kasuku. Jana mdogo wangu aliniuliza kama Baba ni mgeni, na ataondoka lini. Sikuwa na kitabu cha kumjibu.

5. Kama mionzi ya asili inatosha kumhamisha mtu, basi haki itendeke kwa wote. Ndizi zina mionzi, zitoke jikoni. Kuta za matofali zina mionzi, zibomolewe. Bibi ameishi na mionzi yake miaka mingi kuliko sisi sote, alale uani (utamwambia wewe, ni mkweo). Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, una mwili, kwa hiyo ujitenge na wewe. Mimi nitahamia uwanja wa mpira wa shule, ambako hakuna anayenijua vizuri kiasi cha kunikaribia.

Kwa hayo yote, naomba Baba arudishwe chumbani na aendelee kupingwa akiwa humo. Mtu hupingwa vizuri zaidi akiwa karibu.

Nisalimie katibu na wanakamati wote, nisalimie Bibi, na ukipata nafasi msalimie Baba pia, kwa mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Mshika Bango, upande wa kushoto.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mambo yamebadilika. Leo asubuhi mabango ya kamati, yale ambayo upepo ulivunja fito zake, yamekutwa na mipini ya chuma, imesuguliwa vizuri isikukwaruze viganja. Ukamuuliza Baba, bila kunituma, "Nani kakuomba?" Naye akajibu, bila kunituma, "Kama ni kunipinga, nipinge na kitu imara." Mchana ukatangaza kwamba mionzi ya Baba imechunguzwa na iko ndani ya kiwango kinachovumilika. Shuka limeondoka kochini. Yeye kazi bado anaitaka, wewe Jumamosi bado unaandamana, na mdogo wangu hana swali.

Malalamiko yangu yote nayafuta. Isipokuwa sasa sebule nzima ni yangu, meza nzima ni yangu, na katika kimya hiki kisicho na mkoromo wa Baba siwezi kusoma. Kama kamati haitaona tabu, naomba Baba arudishwe kochini, walau siku za Jiografia.