Nyumba ya Mizabibuni na Chumba Nilichonyang'anywa

Jumamosi, 30 Agosti

Tumefika. Kutoka kwetu Namur, Ubelgiji, hadi huku Minervois, kusini mwa Ufaransa, ni siku nzima barabarani, na nimeendesha bila kulalamika, isipokuwa pale Lyon. Nyumba ni nzuri kuliko picha zake: mawe ya manjano, bwawa la kuogelea, mizabibu hadi vilimani. Niliitafuta mimi. Nilipiga simu mimi. Chumba changu nilishakichagua tangu majira ya baridi: cha juu, chenye roshani.

Régis yumo. Régis ni mwanyumba wangu. Amemwoa Bernadette, dada yake mke wangu Mathilde. Wao walitangulia. Nilimkuta roshanini, pekupeku, glasi mkononi. Akanikaribisha. Mimi! Kwenye nyumba niliyoitafuta mimi!

Mama mkwe, Solange, kapewa chumba cha chini kwa sababu ya magoti. Kina bafu lake na mlango wa kutokea bwawani. Sisi tumebakiwa na cha nyuma, ukuta mmoja na mashine ya kufulia. Mathilde anasema kitanda ni kitanda. Alimuuguza baba yake mpaka akafariki mwezi Machi, na tangu hapo hajapumzika. Ameniomba jambo moja: wiki hii nisipange lolote. Nimekubali.

Sina mpango. Nina wazo.

Jumapili, 31 Agosti

Wazo nimelitoa wakati wa chakula cha mchana. Nilisimama, nikagonga glasi kwa uma. Nikasema ni aibu mjane alale chini huku vijana wakifaidi upepo wa roshani. (Régis ana miaka hamsini na sita.) Nikapendekeza chumba cha juu apewe Mama. Hesabu zangu zilikuwa safi. Régis ataona haya, atahama. Mama atazikumbuka ngazi, atakataa. Chumba kitabaki wazi, nami nitajitolea.

Régis aliona haya. Akahama. Hadi hapo, barabara kabisa.

Mama mkwe akafuta mdomo taratibu.

"Marehemu ndiye aliyekuwa akinichagulia chumba kila safari," akasema. "Hiki nakichukua mwenyewe. Asante, mwanangu Ghislain. Utakuwa unanishika mkono kwenye ngazi."

Kwa hiyo Mama yuko juu. Régis yuko chini, na bafu, na bwawa. Mimi niko na mashine ya kufulia. Jioni nzima nimekuwa nikimpandisha Mama mkwe ngazi na kumteremsha, maana kila akifika juu anakumbuka kitu alichokiacha chini.

Sijashindwa. Vita vimehamia sakafu nyingine, basi.

Jumanne, 2 Septemba

Madame Castagné, mwenye nyumba na mwenye mizabibu hii, alitualika kuonja mvinyo wake. Nilizungusha glasi, nikanusa kwa kina, nikatangaza kwamba nasikia cheri, ngozi ya tandiko na moshi kidogo. Régis alisema, "Mtamu huu." Madame akamwongezea Régis. Kuna watu wanapendwa bila kazi.

Alitukumbusha pia kwamba kibanda cha dawa za bwawa tusikiguse. Hutibu maji yeye mwenyewe.

Sasa, Bernadette hastahimili kabisa harufu ya dawa. Hospitali kwake ni kichefuchefu. Na chumba chao kiko hatua chache tu kutoka majini. Harufu ikizidi, atataka kuhamia nyuma ya nyumba. Nami ni mtu wa huruma, nitakubali kubadilishana.

Walipolala usingizi wa mchana, niliingia kibandani. Nilikuta dawa ya kuua ukungu, ya buluu, kwenye dumu. Nilimimina yote. Mtu anayefanya jambo alifanye vizuri.

Jumatano, 3 Septemba

Haina harufu! Hata chembe. Badala yake maji yameng'aa kama kito, na Régis amekaa kando yake akisifu asubuhi.

Mathilde aliingia wa kwanza. Aliogelea muda mrefu, uso ukiwa mtulivu kama sijauona tangu Machi. Nywele zake, ambazo hupaka rangi ya dhahabu, zilipokauka zilikuwa za kijani kwa ile dawa. Kijani cha jani changa la mzabibu. Nilisema inapendeza. Hakuna aliyeniunga mkono.

Madame Castagné akaitwa, akaliona dumu tupu, akauliza ni nani. Nikataja uwezekano wa watalii wapita njia. Mama mkwe akasema kutoka juu kwamba alinishuhudia mwanzo hadi mwisho. Roshani ile inaona kila kitu. Si nilisema ni chumba kizuri?

Mathilde hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Nilitaka wiki moja tu nisimwangalie mtu," akaniambia. "Mgonjwa, mzima, yeyote. Na wewe umefanya nikuangalie kila dakika."

Akabeba mto wake, akapanda juu kwa mama yake.

Nilikaa na mashine ya kufulia. Nilijisikia vibaya, naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Lakini kama Régis asingewahi kufika, haya yote yasingetokea. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu.

Alhamisi, 4 Septemba

Bernadette amesikia kwamba nyanya huondoa kijani. Wamemkalisha Mathilde kitini, yeye na Régis wakampaka nyanya ya kopo kichwa kizima. Nyigu wakaja. Régis akawafukuza kwa kofia, akateleza, akaanguka kwenye kapu la mkate. Mathilde akacheka. Akacheka hadi akalia, na Mama mkwe naye juu huko, na Bernadette akamkumbatia dada yake, wote wekundu kwa nyanya.

Sasa Régis ndiye shujaa. Ndiye "aliyemrudishia Mathilde kicheko." Nauliza: kijani kilitoka kwa nani?

Jumapili, 7 Septemba

Tumerudi Namur. Mathilde amekata nywele fupi kabisa, na anapendeza mno. Nimemwambia amebakiza kidogo tu anishukuru. Amesema bado sana. Ila amelala chumbani kwetu.

Wamekubaliana, bila kuniuliza, kwamba safari ijayo atatafuta nyumba Régis. Kichekesho. Nimeshampigia mtu wa Ardennes kuhusu nyumba ya msituni kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Ina meko, na chumba kimoja kina beseni la kuogea mbele ya dirisha. Ili pasiwe na ugomvi, nimewatangazia wote kwamba vyumba vitapigiwa kura ya vikaratasi, kwa haki kabisa.

Kura nitaziandika mimi.