Duka la Kahawa Lenye Mwenyewe Mmoja

Kambale aliingia mji ule kwa sababu basi lake liliharibika. Hakuwa amemaliza hata kupangusa vumbi viatuni alipoona kitu kilichomchekesha kwa meno yote: kibaraza cha kinyozi kimejaa watu wazima, na hakuna anayenyolewa. Wamekaa tu, wanapiga soga.

"Hawa wote wanasubiri zamu?" aliuliza.

"Zamu ya nini? Wawili hapo hawana hata nywele," kinyozi alisema kwa uchungu. "Mji huu hauna pa kukaa, mdogo wangu. Wananimalizia benchi."

Mtu mwingine angesikia malalamiko. Kambale, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna mkono uliowahi kumshika usiteleze, alisikia hela zinamwita kwa jina.

Alasiri ile ile alikodi fremu ya fundi majeneza. Fundi alikuwa amefunga kazi kwa sababu wakazi wa pale, kwa maneno yake mwenyewe, hawakuwa na ushirikiano. Majeneza manne yaliyokosa wenyewe Kambale aliyageuza kifudifudi, akayapaka rangi ya maziwa, yakawa meza. Kwa dobi aliyefilisika akapata pasi kubwa ya mvuke yenye mabomba na mishale, akaisimika kaunta. Ilifoka na kupiga miluzi hadi watu wakasogea nyuma kwa heshima. Haikutoa hata tone la kahawa. Kahawa ilichemshwa kwenye sufuria, nyuma ya pazia.

Maana Kambale hakutaka kuuza kahawa, jamani. Alitaka kuuza duka.

Alianza na kinyozi. "Kaka, nakuuzia wewe peke yako. Mimi nabaki meneja wako. Lakini iwe siri! Mashemeji zako wakijua una duka la kahawa, watalipa kikombe hata kimoja?"

Kinyozi aliwaona mashemeji wote kwa mkupuo, wamepanga foleni. Akatoa hela.

Kesho yake alikuwa kwa Mama Vitambaa, aliyeuza nguo za mita sokoni. "Dada yangu, nakuuzia wewe peke yako. Ila shemeji asijue. Akijua, kesho amekuwa mkurugenzi." Mama Vitambaa hakungoja amalize. Mwalimu mkuu mstaafu naye alitishwa kwa wanafunzi wake wa zamani, vizazi na vizazi, wanaokuja kukopa. Akafungua mkoba.

Kila mmoja Kambale alimwapisha, kisha akamwongezea nasaha, na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe: "Njoo kila siku, kaa kama mteja wa kawaida. Hakuna atakayekushuku."

Hela ilipotimia, aliamka alfajiri ili awahi basi. Akafungua mlango na mkoba wake kwapani. Mwalimu mkuu alikuwa anafagia kizingiti.

"Nilikuwa napita tu," mwalimu alisema, ufagio mkononi. "Unakwenda wapi na mkoba?"

"Kununua... sukari, mwalimu."

"Vizuri. Nunua ya kutosha. Duka lisiniaibishe."

Siku iliyofuata kulikuwa na Mama Vitambaa, amepanda juu ya kiti anatundika mapazia. Ya tatu, kinyozi, amehamishia kibaraza chake chote pale, pamoja na wenye vipara. Nyumba ikajaa pomoni. Watu walicheza bao juu ya majeneza, wakachumbiana, wakasemana vibaya kwa raha zao. Na kila baada ya muda mtu mmoja alijipitisha kaunta kumnong'oneza Kambale.

"Viti havitoshi dukani kwangu," alisema kinyozi.

"Vikombe gani hivi? Unataka nichekwe?" alisema Mama Vitambaa.

Angesema nini? Angemwambia nani kwamba duka si lake? Hela ya kinyozi ikageuka viti, ya Mama Vitambaa ikageuka vikombe, ya mwalimu ikaishia kwenye maziwa. Jioni wote watatu walipita mlango wa nyuma, kwa nafasi nafasi, kuchukua faida. Duka lilikuwa na faida moja. Kambale alijaziliza nyingine mbili kwa kuosha vyombo vya majirani. Tapeli mzima, jasho linamtoka, tena la halali!

Akaona afadhali aitoboe siri mwenyewe. Wakijua ukweli watashikana mashati, na katika fujo yeye atapita dirishani na kilichobaki. Mchana, duka limefurika, akapanda juu ya jeneza.

"Jamani, nisikilizeni! Mimi ni tapeli! Duka hili nimeliuza kwa watu watatu, na kila mmoja anajiona ndiye mwenyewe!"

Pasi ikapiga mluzi.

Kisha kinyozi akaangua kicheko, kwa nguvu kuliko mtu asiye na cha kuficha. Mama Vitambaa akacheka zaidi ili asishukiwe. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nyumba nzima ikafuata, wakampigia makofi.

"Umewavuruga kweli," kinyozi alimnong'oneza baadaye. "Sasa hata wakisikia ni langu wataona ni utani."

"Una akili, mdogo wangu," alisema Mama Vitambaa. "Shemeji yako alikuwa ameanza kunusanusa."

Mwalimu alimpa alama za juu.

Kambale akavua aproni, akatembea moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Mahabusu kuna mlango, kuna pa kulala, na hakuna anayedai faida.

"Afande, nifungie. Mimi ni tapeli."

Sajini alimtazama. Akainuka, akarudishia mlango wa ofisi, akachungulia nje.

"Duka umemwachia nani?"

"Duka gani, afande?"

"Langu, bwana! Nimelinunua kwa kinyozi wiki iliyopita, lote. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Kambale akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Kinyozi? Kakuuzia duka ambalo... Kwa bei gani?"

Sajini akataja. Ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Kambale alishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa wivu wa mtu wa fani.

"Usilie, kijana," sajini alisema, akivaa kofia. "Ukijituma nitakuongezea. Twende, wateja wanangoja."

Akamsindikiza kwa kumshika kiwiko. Walipofika sokoni, mwanamume mmoja ambaye Kambale hakuwahi kumwona maishani mwake alijitenga na watu, akamsogelea sikioni.

"Kahawa ya jana ilikuwa nyepesi," alinong'ona. "Sitaki ijirudie."

"Sawa, bosi," alisema Kambale, akakaza mwendo.