Ndege Inayofika Kabla ya Kuondoka

Jumatano, 11 Juni

Tiketi ya Medan hadi Penang ninayo. Kesho nakwenda kupimwa moyo ng'ambo, kama waheshimiwa wote wa mji huu. Moyo wangu mzima kabisa. Ila Jumamosi dada Rosmian anaoza binti yake, na mjomba mkubwa ni mimi: ndimi ninayemfunika bibi harusi kitambaa cha ulos, desturi yetu Wabataki, na fungu la nyama la mjomba hutangazwa kwa kipaza sauti, kwa jina langu. Nataka niingie ukumbini kutoka uwanja wa ndege, lebo ikining'inia kwenye sanduku. Mdogo wangu Jonggi, ambaye safari yake ndefu ni ya kwenda kunyoa, ameze mate.

Nimeikagua tiketi. Kilomita mia mbili na hamsini hivi. Kwenda: kuondoka saa nne, kufika saa sita kasoro dakika tano. Kurudi: kuondoka saa tatu, kufika saa tatu kasoro dakika tano! Kumbe kwenda ni mlima, kurudi ni mteremko. Mke wangu Tiurma akasema, wewe Baba Lamria, saa za Penang ziko mbele ya zetu, mwendo ni ule ule. Masikini, hajapanda ndege hata siku moja.

Alhamisi, 12 Juni

Mlima wenyewe sikuuhisi. Karanga sijamaliza, tumetua. Rubani hodari. Ila saa ya ukutani uwanjani imekwenda mbele. Nikamshauri mfagizi waitengeneze. Akacheka. Watu wengine hawasaidiki.

Ijumaa, 13 Juni

Daktari kasema moyo safi, nipunguze nguruwe wa mafuta. Kwa Mbataki, mkesha wa harusi! Ana ucheshi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika uwanjani saa mbili na nusu, kwa saa ya marehemu baba, isiyojua uongo. Ndege imeondoka! Binti wa kaunta akasema, pole mjomba, sasa ni saa tatu na nusu. Nikamwonyesha saa yangu. Akanipa maji ya kunywa.

Nikapanda ya alasiri. Ukumbini nimewakuta wakunja viti na paka. Lebo yangu kaiona paka. Jonggi ndiye aliyemfunika bibi harusi, tena jina lake limetangazwa mara mbili, eti mara ya kwanza hakulisikia! Imeniuma. Binti yule nimembeba mgongoni akiwa mtoto.

Jumapili, 15 Juni

Jonggi kaja alfajiri na fungu lile, halijaguswa. Kasema ni la kaka, yeye alishika nafasi tu, na bibi harusi aliniulizia mpaka akalia. Nikaona aibu. Ikapita. Tiurma akasoma karatasi ya daktari, akamrudishia Jonggi nyama yote.

Desemba Rosmian anaoza binti wa pili. Nimeagiza tiketi ile ile. Mteremko kama ule hauachwi. Kosa lilikuwa la saa tu, na yangu nimeshaipeleka mbele saa moja, itakaa hivyo hivyo. Leo nimefika kanisani, mlango umefungwa. Nimenyeshewa peke yangu saa nzima. Mchungaji, kwaya, waumini: kanisa zima limechelewa!