Meneja wa Vikeki vya Kijiti

Mtaani walimwita Meneja, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kumwona akiingia ila kwa mlango wa wageni. Suti alikuwa nayo moja tu, ya kijivu, lakini aliivaa kwa heshima hata ikaonekana kama tatu. Na mdomo, usiseme! Meneja angeweza kumuuzia samaki mwavuli, na samaki akaondoka anashukuru kwa kupunguziwa bei.

Siku ya mkasa wetu alikuwa amejikinga jua ndani ya duka la vyombo vya umeme ambalo mwenye duka alikuwa akilifunga kwa hasara. Kwenye kona, nyuma ya mafeni mabovu, aliona maboksi yamerundikana yana vumbi. Akafungua moja. Ndani mlikuwa na kimashine cha mezani, cha rangi ya waridi, kinachofunguka kama kitabu: vishimo juu, vishimo chini, kila kimoja kama nusu ya ndimu.

"Hii ya kuchemshia mayai?" akauliza.

"Wote wanauliza hivyo hivyo," mwenye duka akajibu kwa uchungu. "Ni ya kuokea vikeki vya duara. Unamimina rojo, unafunika, vikiiva unachomeka kijiti, unachovya kwenye chokoleti. Watu wanashika kijiti wanakula kama pipi. Hakuna aliyenunua hata moja. Chukua zote, unipe hata ya nauli."

Mtu mwingine angeona vikeki. Meneja aliona watu: watu wenye jiko dogo, akiba ndogo na tamaa kubwa. Jicho kama lile ni kipaji, na lau lingeumbwa pamoja na haya kidogo, dunia ingekuwa imepata daktari mzuri.

Haikupita wiki akawa amesimama katikati ya kibanda cha kinyozi, mashine mezani, watu wamejaa hadi mlangoni.

"Unanunua mashine kwangu," akawaambia, "unaoka nyumbani kwako umekaa, na kampuni inanunua kila kikeki. Hoteli zinavitaka. Ndege zinavitaka. Simu zinanikosesha usingizi."

"Ndege?" Kinyozi akashangaa, wembe mkononi, mteja wake kanyolewa upande mmoja. "Abiria wanakula vikeki vya kijiti?"

"Ndugu yangu, kule juu ukimpa mtu uma, ndege ikiyumba si anamchoma mwenzake? Kijiti ndiyo usalama wenyewe."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa na mantiki.

Mama mmoja wa makamo, mpiga pasi ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, akanyoosha mkono. "Na visipotoka vizuri?"

"Hapo inaingia Idara ya Ubora, Shangazi yangu."

"Iko wapi hiyo idara?"

"Unaitazama."

Walicheka, na mtu akishacheka mfuko wake unalegea. Mashine zikaisha jioni ile ile, bei ikiwa mara nyingi ya ile aliyonunulia. Ikabaki moja tu, aliyoirudisha nyumbani kwake kwa ajili ya maonyesho. Kinyozi aliuza kiti chake cha pili, kile cha kuzunguka, akanunua mashine. Wateja wakawa wanasubiri zamu wamekalia kreti la soda. Shangazi alitoa fedha alizokuwa akiziweka ili anunue pasi mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na tabia ya kumrusha kwa umeme kila alipofika kwenye kola.

Shangazi alirudi nyumbani akaanza kazi. Vikeki vya kwanza vilitoka bapa kama vifungo vya koti, maana aliogopa kujaza. Vya pili vikafura, rojo likamwagika pembeni likaungua, jiko zima likanuka. Baadaye akajua kujaza kishimo cha chini hadi ukingoni bila kuzidisha, kufunika bila kuchungulia, na kuacha vipoe kabisa. Akajua pia kwamba kijiti unakichovya ncha kwanza kwenye chokoleti, ndipo unakichomeka, kisha vikeki vinakaa kwenye friji hadi vishikane na vijiti, ndipo unavichovya vizima; ukikosa subira vinateleza na kuzama kwenye bakuli kama mawe kisimani. Mwisho alivitia vidoa vya sukari ya waridi kwa ncha ya kijiti cha meno. Vidoa vyake vyote vililalia kushoto, kwa sababu mkono wake ulishazoea kusukuma pasi.

Meneja akaja kukagua. Akatoa mfukoni bangili ya plastiki.

"Hiki ndicho kipimo cha kimataifa," akasema, akapitisha kikeki. Kikapita. Akasikitika. "Kidogo mno, Shangazi."

Akachukua kingine, kilichonona. Kikakwama.

"Kikubwa mno."

Shangazi akamkazia macho. "Kikipita ni kidogo, kisipopita ni kikubwa. Sasa kinachotakiwa ni kipi?"

"Kile kinachositasita," Meneja akajibu kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Usikate tamaa. Hivi nitavipeleka maabara." Akavifunga vyote kwenye boksi, akaondoka navyo.

Ikawa hivyo kwa kila mtu. Kinyozi alioka hadi nyusi zikaingia unga, na vikeki vyake vikaenda maabara. Wengine walichoka wakaigeuza mashine kuwa meza ya kuwekea redio. Meneja akawaambia wavumilie, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakainama. Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza mkono mvunguni.

Asubuhi moja Shangazi alipeleka mashati yaliyopigwa pasi kwenye ofisi ya bima. Alipopita kantini akaona kabati la vioo, na ndani ya kabati vikeki vya kijiti vimesimama kwa mistari. Vidoa vya waridi. Vyote vimelalia kushoto.

"Hivi mnavitoa wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Kuna bwana mmoja wa suti ya kijivu. Anatuletea kila wiki. Vinagombaniwa, mama! Mkurugenzi mwenyewe anatuma dereva."

Shangazi alijisikia kama pasi yake imemrusha mara mbili. Alikuwa amepigwa changa la macho, kisha changa lenyewe likauzwa kantini. Hakupiga kelele. Alinunua kikeki kimoja, cha kwake mwenyewe, akakila taratibu akielekea kwa Kinyozi, na njiani hasira yake ikaanza kugeuka kuwa kitu kingine, maana kikeki kilikuwa kitamu kweli.

"Namvunja miguu!" Kinyozi aliposikia akaruka na wembe wake.

"Ukimvunja miguu utapata nini? Miguu?" Shangazi akasema. "Keti hapo kwenye kreti lako unisikilize. Mimi nina wifi."

Wifi huyo aliishi mji mwingine, na Meneja hakuwahi kumwona. Alikuwa amepokea simu hotelini miaka mingi, na sauti yake ilikuwa na zulia jekundu. Shangazi, Kinyozi na wenzao wachache wakachanga kidogo walichobakiwa nacho, wakamwazimia Wifi mkoba mzuri, wakampa namba ya Meneja.

Siku mbili baadaye Meneja alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa hoteli mbele ya mwanamke mwenye miwani myeusi.

"Ninaratibu harusi," Wifi akasema. "Siwezi kukutajia ya nani. Ukisikia utapaliwa. Bibi harusi amekula vikeki kwenye kantini ya bima, anataka mnara mzima wa vikeki vile. Kila mgeni apate, na abebe vya nyumbani. Ukumbi mkubwa kule mjini, Jumamosi mchana. Unaweza, au nimwone mwingine?"

"Mwingine hayupo, madamu," Meneja akasema haraka, kisha akajikumbuka. "Ila sisi malipo ya awali huwa..."

Kabla hajamaliza, bahasha ilishafika mbele yake. Ilikuwa nyembamba, lakini bei aliyotajiwa ya mzigo mzima ilimfanya asahau unene wa bahasha. Alitembea kurudi nyumbani anapiga mluzi. Meneja alikuwa na kanuni moja maishani: usimwamini mtu yeyote asiyetoa chochote. Huyu alikuwa ametoa.

Sasa, angevipata wapi vikeki hivyo vyote? Kwa Shangazi, Kinyozi na wenzao, bila shaka. Lakini wivu wa faida ni ugonjwa. Akajiuliza, kwa nini niwagawie, na mashine moja ninayo? Akavua koti, akafunga taulo kiunoni, akakoroga unga na mayai, akajaza vishimo hadi juu, na kwa kuwa alikuwa na haraka akaongeza kidogo.

Mashine ikaanza kunung'unika. Mfuniko ukainuka wenyewe. Rojo likatoka pande zote likashuka mezani, likafika kwenye soketi, na taa za nyumba nzima zikazima. Vikeki alivyofanikiwa kuviokoa alivitumbukiza kwenye chokoleti vikiwa vya moto. Vikateleza vyote, akabaki ameshika vijiti mkononi kama mpiga ngoma aliyeibiwa ngoma. Jirani wa juu akagonga sakafu akiuliza kama kuna maiti inaungua.

Kesho yake Meneja alibisha kwa Shangazi, chokoleti ikiwa bado sikioni.

"Habari njema! Maabara imepitisha vyote!"

"Alhamdulillahi," Shangazi akasema. "Bangili leo umeiacha?"

"Kampuni imebadilisha kipimo. Nataka vikeki vingi, Shangazi yangu, vyote mnavyoweza. Mtalipwa wiki ijayo."

"Wiki ijayo mimi nina udhuru."

"Basi Jumamosi jioni."

"Mwanangu," Shangazi akasema, akiendelea kukunja mashati, "sisi tumechoka, mashine zimechoka, mayai yamepanda bei. Ukitaka vikeki, fedha mkononi, ndipo rojo linakorogwa. Na bei ni hii." Akataja.

Meneja akashika ukuta. "Shangazi! Hiyo ni bei ya mashine yenyewe na ziada juu!"

"Kumbe unajua hesabu."

Alibembeleza. Alimwita mama, akamwita dada, karibu amwite bibi. Akaenda kwa Kinyozi, akakuta bei ile ile. Mwisho alirudi nyumbani, akatoa kila alichokivuna kwenye mashine na kantini, akaongeza na akiba ya kodi ya nyumba, akawalipa wote. Roho ilimuuma, lakini alijituliza kwa kufikiria Jumamosi.

Kwa siku mbili mtaa ulinuka vanila. Hata waliokuwa wameweka redio juu ya mashine waliziondoa. Na hawakumpunja: walioka vikeki safi, vya duara, vinavyong'aa. Shangazi alikataa kabisa wazo la Kinyozi la kutia chumvi. "Kazi yangu ni kazi yangu," alisema. "Mimi simdhulumu kikeki."

Jumamosi mchana Meneja alifika ukumbini kwa teksi, maboksi yamejaa hadi kwenye mapaja ya dereva. Mlinzi akamtazama.

"Harusi? Hapa hakuna harusi. Humu mna semina."

"Semina ya nini?"

"Ya madaktari wa meno."

Meneja akapiga simu. Namba haikupatikana. Akapiga tena. Jasho likaanza kumtoka nyuma ya masikio, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akaujua ule uchungu wa kudanganywa ambao alikuwa amewagawia watu wengi bila kuuonja.

"Kaka," dereva akasema, "chokoleti inaanza kudondoka kwenye kiti changu."

Aliingia kwa Shangazi bila kubisha. Jikoni alikuta watu wanakunywa chai: Shangazi, Kinyozi, na mwanamke mmoja mwenye taulo begani aliyekuwa akichovya vikeki kwenye bakuli. Miwani myeusi ilikuwa mezani, kando ya sukari.

"Karibu," Wifi akasema kwa sauti ile ile ya zulia jekundu.

Meneja akainyooshea kidole miwani ile. "Mmeniibia! Nakwenda polisi!"

"Twende wote," Shangazi akasimama. "Wewe utaeleza harusi, mimi nitaeleza ndege. Halafu tumwite na yule wa kantini."

Meneja akakaa. Kiti kilikuwa kreti la soda. Kinyozi alikuja nalo, mazoea.

Nje honi ikalia. Dereva alitaka nauli yake na fedha ya kuoshea kiti. Meneja akapekua mifuko yote ya suti, hata ile ya kifuani ya mapambo. Hakuna kitu.

"Mimi nitamlipa," Shangazi akasema. "Niachie viatu vyako."

"Viatu?"

"Vizuri hivyo, vya ngozi. Vikae hapa mpaka utakaponirudishia nauli. Na maboksi ni yako, uliyalipia. Kule hospitali muda wa kuona wagonjwa unakaribia, watu ni wengi. Kabla havijayeyuka, Meneja."

Aliondoka amevaa ndara za bafuni za Shangazi, moja ya bluu na moja ya njano, boksi la kwanza kichwani. Kwenye lango la hospitali akasimama kati ya muuza machungwa na muuza maji, akaweka vikeki vyake juu ya ukuta.

Mwanamke mmoja akasimama. "Hivi ni vitu gani?"

Meneja alikohoa. Maneno yalimjia mengi, ya ndege, ya hoteli, ya kimataifa, lakini hakuona pa kuyachomeka. Bidhaa ilikuwa mbele yake, nzima, haidai kutetewa. Akajikuta anababaika kama mwanafunzi mgeni.

"Ni... ni keki, dada. Ya kijiti. Imeokwa jana. Ni tamu."

"Basi?"

"Basi."

Mwanamke akamtazama usoni, akashuka na macho hadi kwenye ndara, akapanda tena. Akalipia kimoja. Akauma, akatafuna huku watu wakiwapita, chokoleti ikimbaki kwenye mdomo.

"Niongeze viwili," akasema, "vya mgonjwa wangu."

Meneja akachagua viwili vilivyonona, akavifunga bila kuvipima.