Barua Niliyofichwa na Halmashauri

Jumatatu, 5 Mei
Halmashauri wamelifunga buka langu, mgahawa wangu! Karatasi nyekundu mlangoni: panya. Eti kuna barua ya mlalamikaji asiyejitaja. Mtaa mzima unajua ni Mama Sowande, muuza ugali wa amala wa ng'ambo ya barabara, ambaye mchuzi wake wa ewedu ni maji ya kunawia. Na mimi niliwaandikia kuhusu panya wake tangu Machi, kimya kimya, wasifanye lolote. Serikali yetu!

Karamu ya rika letu ni tarehe 12 Julai. Mwenyekiti kasema nikileta ushahidi kwamba mama huyo ndiye mchongezi, hatapika. Nisipoleta, anapika yeye. Mimi, Alhaji Osifeso, nile amala ya Sowande mbele ya rika langu? Bora nife. Nimeiomba halmashauri hiyo barua.

Jumatano, 14 Mei
Siku saba za sheria zimekwisha. Karani wa halmashauri, Bwana Olusoga, kasema barua ni siri. Nikamwambia sheria ya uhuru wa habari ni ya raia. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Alhaji, aliyelala usimwamshe." Vitisho hivyo!

Jumanne, 3 Juni
Nimefungua kesi. Wakili ni mpwa wangu Gbenga, ana joho lake mwenyewe. Kasema tunapigania maslahi ya umma. Nimetokea kuupenda sana huo umma.

Jumanne, 24 Juni
USHINDI! Nilikwenda na rika zima, sare ya kijani, na mpiga ngoma ya gangan. Mama Sowande naye alikuja, eti kachoka kusingiziwa. Mnafiki! Jaji kasema halmashauri haiwezi kuficha barua kwa kuogopa aibu tu, na raia yeyote akiiomba apewe. Nilishangilia mpaka askari akanikalisha.

Jumatano, 25 Juni
Nimepewa. Ni mwandiko wangu. Ile barua yangu ya Machi! "Buka la kushoto, baada ya transfoma." Nilimaanisha ukitokea sokoni. Wale wapumbavu walitokea ofisini kwao! Nani hutokea ofisini?

Nimeificha ndani ya soksi. Mwenyekiti alipoiulizia nikamwambia imeliwa na panya. Alivyonitazama, nikajua bora ningetaja mchwa.

Ijumaa, 27 Juni
Mama Sowande kaomba nakala! Kwa sheria ileile! Nimekimbia kwa Olusoga kumsihi akatae. Nikamweleza habari za faragha na heshima ya mlalamikaji. Akasikiliza vizuri, akasema hayo yote aliyasema mwenyewe mahakamani, akashindwa na Alhaji mmoja. Sheria inampa siku saba, ila hapendi kuchelewesha haki ya raia.

Jumatatu, 14 Julai
Karamu imepita. Alipika Mama Sowande. Barua aliibandika penye masufuria, kila aliyechukua sahani akaisoma. Wengine walirudi foleni waisome tena. Nilikula sahani mbili. Ewedu ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwenyekiti kasema niombe radhi, yaishe. Mama Sowande mwenyewe alinipigia kelele mbele ya watu, "Alhaji, njoo bwana, tucheke tu!" Radhi? Kosa langu liko wapi? Kosa ni la yule jaji.

Leo asubuhi nimemwagiza Gbenga akate rufaa. Kanikumbusha kwamba ile kesi tulishinda. Nikamwambia ndiyo, na hapo ndipo tulipoonewa.